Kiti cha Balwinder

Kiti chenyewe wala hakikuwa kiti cha maana. Balwinder alikinunua mnadani kule Edmonton, London: cha mbao, kina mikono miwili na mto uliochakaa, na mguu mmoja unapepesuka mpaka tukauwekea kipande cha boksi chini. Lakini katika karakana nzima hakukuwa na kingine chenye mikono. Sisi wengine tulikalia vigoda vya cherehani, mgongo ukikuuma shauri yako. Kile kilikuwa kiti cha mwenye kazi. Mie nilikikalia mara moja tu, kama nusu saa hivi, mwaka 1985, na mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Msiniambie ni mambo madogo. Nimeshaambiwa na wengi. Waliosema hivyo hawakuwapo.

Balwinder Kaur alizaliwa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari, baba yake fundi seremala wa reli. Singasinga wa kabila la Kipunjabi, lakini Kiswahili chake ungemsikia nyuma ya pazia ungesema huyu Mmvita. Jirani yao alikuwa mama mmoja akiitwa Bi Mwanabaraka, mshonaji, na huyo ndiye aliyemfundisha cherehani akiwa na miaka tisa. Ndiye pia aliyemtia adabu. Mtoto haketi mkubwa akiwa wima. Mtoto hamwiti mkubwa jina tupu. Mtoto akisifiwa, asifu aliyemfundisha. Haya aliyabeba mpaka London pamoja na kichwa cha cherehani alichokizungushia blanketi, mwaka 1968, yeye na mumewe, wakikimbilia kuingia kabla Waingereza hawajafunga mlango.

Miaka sita baadaye mume akafa kiwandani, moyo ulisimama. Balwinder akabaki na mabinti wawili na ile cherehani. Akawa anashona sketi chumbani kwake, usiku na mchana, kwa ajili ya kiwanda kimoja kikubwa cha Tottenham.

Mie na yeye tulikutana sokoni Edmonton Green. Muuza mboga alikuwa anamtilia bamia kutoka nyuma ya meza, zile ngumu, na mama huyu akanong'ona peke yake, "Ala! Huyu aniona mjinga huyu!"

Nikasema nyuma yake, "Hakuoni mjinga. Anakuona mgeni."

Akageuka kama aliyeitwa na mzuka. "Wee! Watoka wapi wewe?"

"Unguja."

"Ndiyo maana. Waunguja hamna dogo, lazima mtie neno." Akacheka, akamrudishia yule bwana bamia zake zote. Kufika mwisho wa soko alikuwa ameshajua kuwa mimi ni Msabaha, fundi wa nguo, kwamba nilikuwa na duka langu Mkunazini na mafundi wanne chini yangu, kwamba niliondoka baada ya mapinduzi na mkasi mmoja mfukoni, na kwamba kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nikisugua masufuria katika jiko la hospitali. Mie nina hasira za karibu, sifichi. Nikamwambia hospitali ile hakuna hata mmoja anayejua jina langu, wananiita wewe. Wewe leta, wewe ondoa.

"Basi njoo unikatie nguo, Mjomba," akasema. Hakuniuliza zaidi. Tangu siku ile nikawa Mjomba.

Kufikia mwaka 1985 tulikuwa juu ya duka la mazulia, cherehani saba, wanawake saba, mie kwenye meza ya kukatia na Balwinder kila mahali. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na pini hazikumtoka mdomoni. Cherehani ikimgomea aliitukana Kipunjabi. Kitambaa kikimgomea alikitukana Kiswahili. Mtu akimgomea hakumtukana kabisa, alikwenda kukaa naye na kumuuliza nyumbani kukoje. Na kila asubuhi, kila asubuhi nakwambia, nikiingia mlangoni yeye huinuka kutoka kwenye kile kiti na kusema, "Keti, Mjomba."

Nami hujibu, "Keti mwenyewe, mwanangu, kiti chako hicho."

Yeye hukaa, mie huvua koti, kazi inaanza. Miaka tisa. Watu wa kwetu mnaelewa. Anayetoa hutoa kwa moyo, na anayepewa hukataa kwa moyo. Hakuna anayedanganya hapo, na wote wawili wanaondoka wamekua.

Sasa, mwaka ule kile kiwanda cha Tottenham kikaanza kutubana. Kila mwezi bei ya sketi inashuka, na ukisema neno wanakuambia wako wengine. Balwinder akatuambia waziwazi kwamba hali ikiendelea hivi, baada ya Krismasi anafunga. Lila, ambaye Idi Amin alikuwa ameshamfukuza Kampala na hakutaka kufukuzwa tena popote, akalia pale pale kwenye cherehani.

Ndipo tukasikia habari za cheti. Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ilikuwa imeanzisha orodha ya biashara ndogo za watu weusi na Wahindi. Ukiingia katika orodha unapewa cheti, na mwenye cheti huitwa kwenye zabuni ambazo zamani hata harufu yake hatukuisikia. Na zabuni moja ilikuwa kama imeshonwa kwa ajili yetu: makoti na aproni za wapishi wa shule, miaka mitatu mfululizo. Sharti lilikuwa moja gumu. Mwenye jina kwenye fomu lazima awe ndiye mwenye usukani wa kazi. Walikuwa wameshachezewa, maana kuna bwana mmoja alimwandikisha mfagiaji wake Mjamaika kuwa mkurugenzi, na mfagiaji mwenyewe hana habari. Kwa hivyo walituma mkaguzi, aje aone kwa macho yake nani anaamuru na nani anaamriwa.

Utauliza, na wewe Msabaha si mweusi vilevile, kingeharibika nini? Kingeharibika hivi: mkaguzi hakuja kutazama rangi. Alikuja kutazama kama karatasi na mambo yanafanana. Ukiandika mwenye kazi ni fulani, akakuta ni mwingine, wewe ni mwongo na cheti hupati.

Fomu tulizijaza pamoja, kurasa kumi na nne. Jioni tatu Lila alijifanya mkaguzi, miwani puani, akimuuliza Balwinder maswali kwa sauti ya Kiingereza cha redioni mpaka tukashika mbavu. "Ukiulizwa nani mwenye kazi," nikamwambia mimi, kwa kinywa changu hiki, "sema ni mimi. Usione haya."

"Nitasema, Mjomba."

Siku ilipofika mkaguzi akatangulia nusu saa. Alikuwa msichana wa Kigiriki wa Kupro, mzaliwa wa London, jina lake Anastasia, na daftari jekundu kwapani. Mie ndiyo kwanza nimeingia, koti bado mwilini, koti langu zuri la kijivu nililolishona kwa mkono wangu, maana siku ya mgeni mtu hujipamba. Balwinder alikuwa kitini. Akaona mgeni mlangoni, akaniona mimi pembeni yake, akashtuka, na mazoea ya miaka hayangojei akili. Akainuka.

"Karibu, karibu sana," akamwambia mgeni. Kisha akanigeukia. "Keti, Mjomba."

Nikaketi.

Sijui niseme nini. Nimejitafutia sababu nyingi, kwamba miguu iliniuma, kwamba sikutaka tubishane mbele ya mgeni. Uongo mtupu. Nilikaa kwa sababu yule msichana, kabla hajamtazama mtu mwingine, alininyooshea mkono mimi na kuniita *sir*. Mie! Miaka ishirini na moja katika nchi ile, mara ya kwanza. Nikaisikia mikono ya kiti chini ya viganja vyangu na nikajiona niko Mkunazini.

Balwinder alipepesa macho kidogo, halafu akatabasamu, akamvutia mgeni kigoda, yeye mwenyewe akabaki wima na birika mkononi. Anastasia akauliza koti moja la mpishi linakula mita ngapi. Nikajibu mimi. Akauliza kitambaa kikichelewa tunafanyaje. Nikajibu mimi. Lila alisimamisha cherehani yake akanitazama, na mie nikatazama pengine.

Mwishowe akamgeukia Balwinder. "Na wewe, mama, kazi yako hapa hasa ni ipi?"

Balwinder akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Yale mazoezi yote ya jioni tatu yakayeyuka. Alikuwa mbele ya mgeni, na mbele ya mkubwa aliyekaa. "Ah, mimi hapa ni mtoto tu," akasema. "Mwenyewe ni huyu mzee."

Kwetu neno hilo lina jibu lake. Mzee husema, "Acha maneno yako, mwenye kazi ni wewe," watu hucheka, na kila mmoja anabaki mahali pake. Balwinder alisema akiningoja. Nilimwona akiningoja, alinitupia jicho. Nikanywa chai.

Maziwa yakawa yamekwisha, mgeni amewahi mno. Balwinder akashuka dukani. Anastasia akanisogelea, kalamu wazi. "Mzee, niambie kweli. Mipango ya hapa ni ya nani?"

Nikasema, "Hapa bila mimi hakiendi kitu."

Akaandika. Niliiona ile kalamu ikienda.

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Balwinder aliporudi na chupa ya maziwa nilikuwa nimeshaanza kumsimulia mgeni habari za mafundi wangu wanne.

Barua ikaja baada ya wiki mbili, fupi kama risiti. Hawakuridhika kwamba mwombaji ndiye anayeiendesha biashara. Akitaka anaweza kuomba ukaguzi wa pili, mara moja tu. Balwinder akaisoma kwa sauti, wima, na cherehani zote saba zikanyamaza. Kisha akaikunja, akaja mpaka kwenye meza yangu ya kukatia.

"Mjomba," akasema, "nimeharibu mimi."

"Umeharibu nini?"

"Si nilikupa kiti mbele ya mgeni? Si nilisema wewe ndiye mwenyewe? Yule atajuaje kuwa yale ni maneno ya adabu tu? Nimewaponza nyote, na Lila, na watoto wa watu. Tena nimekutia na wewe katika maneno ya uongo uzeeni mwako." Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta, mikono yote miwili imeshika barua. "Nisamehe, Mjomba."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema kuliko yoyote nitakayoipata tena duniani. Ningesema, mwanangu, wewe ulitoa kama ulivyofundishwa, mimi ndiye niliyepokea. Ningesema na lile neno nililolitoa alipofuata maziwa.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema. "Usijali. Yameshapita."

Loo! Nikamsamehe! Tena nikampiga piga begani.

Kuanzia hapo nikisujudu naiona ile kalamu inakwenda. Lila hakusikia lile neno langu la mwisho, alikuwa mbali, lakini kukaa kwangu alikuona, na siku moja akanipitia mezani akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "Mjomba, siku ile wewe alipenda sana kiti." Nikamfokea. Nikamwambia ashike adabu yake, ashone. Mwenye kosa ndiye mwenye makelele, siku zote.

Balwinder akaomba ukaguzi wa pili. Kila asubuhi aliendelea kuinuka. "Keti, Mjomba." Nami nilijibu haraka haraka, "Keti mwenyewe, mwanangu, kiti chako," kama mtu anayetoa moto mkononi. Kila jioni nilijiambia kesho nitamwambia. Kesho yake nilikata makoti.

Anastasia akarudi mwezi wa kumi. Safari hii tulijipanga. Balwinder kitini, mie mezani kwangu, aproni kifuani, kichwa chini. Mgeni akapewa kigoda. Balwinder alijibu vizuri, wallahi. Alitaja bei, alitaja mita, alitaja majina ya wenye vitambaa wote na nani kati yao mwongo. Nikaanza kuvuta pumzi.

Anastasia akafunga daftari nusu, kisha akalifungua tena nyuma, kurasa za zamani.

"Nataka uelewe kwa nini nilikataa," akasema kwa upole. "Babu yangu alikuwa na kiwanda cha nguo, hapa hapa London, kwa jina la bibi yangu. Bibi hakukikalia kiti cha pale hata siku moja, alikuwa analeta kahawa. Kwa hiyo mimi nikiingia mahali, naangalia kiti kwanza. Lakini kiti peke yake kisingetosha, wala maneno yako. Nilimuuliza mzee huyu ulipokuwa nje, akaniambia hapa bila yeye hakiendi kitu. Ni kweli?"

Balwinder aligeuka taratibu akanitazama, na akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo karakana nzima iliisikia.

"Mjomba, wewe ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Nilipokwenda kuchukua maziwa?"

"Ndiyo."

Akafikiri. Nilimwona anapanga siku zile moja moja kichwani mwake: ukaguzi, barua, mezani kwangu. Nikajua anaelekea wapi, na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Na mimi nikaja kukuomba msamaha," akasema, "ukanisamehe?"

Nilitoka nyuma ya meza, nikapiga hatua kumwendea, mkasi bado mkononi, nataka kusema mwanangu, nataka kusema chochote. Akainua kiganja chake. Hakuinuka. Alikaa mgongo wake umenyooka, mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti.

"Bwana Msabaha," akasema, "rudi mezani kwako."

Nikarudi.

Anastasia hakujua hata neno moja la Kiswahili, lakini hilo halikuhitaji mkalimani. Alinitazama nikirudi, akamtazama Balwinder, akaandika kwa muda mrefu. Balwinder akamgeukia na kumwambia kwa Kiingereza safi, "Hapana, si kweli. Mwenye kazi ni mimi. Uliza lingine."

Cheti kikaja kabla ya Krismasi. Zabuni ya makoti ya wapishi tukaipata, na baada yake nyingine, na wale wanawake saba wakawa kumi na sita katika karakana kubwa yenye madirisha. Mtu akikusimulia habari za Balwinder Kaur atakusimulia hayo, na ni kweli, anastahili. Nilifanya kazi chini yake miaka sita zaidi. Hakunifukuza, hakunipunguzia kitu, hakunisema kwa mtu. Nilimwomba radhi siku ile ile jioni, nikalia mtu mzima mie, akaniambia, "Nimekusamehe, Bwana Msabaha," na najua alisema kweli, maana nilipopasuliwa tumbo alikuja hospitali na supu ya dengu, akakaa saa mbili. "Pole, Bwana Msabaha. Kunywa kabla haijapoa, Bwana Msabaha." Lila ananiita Mjomba mpaka leo kwenye simu. Wale wanawake wapya wote waliniita Mjomba, walilisikia kwa Lila.

Nami sina la kulalamika. Si nilitaka apate cheti? Alikipata kwa kusema mwenye kazi ni yeye, neno lile lile lililoniondoa mimi moyoni mwake, na mwenye kumfundisha kulisema ni mimi.

Asubuhi iliyofuata ule ukaguzi wa pili niliwahi. Nilipanda ngazi pole pole, nikasimama mlangoni, koti mwilini. Alikuwa kitini anapanga karatasi zake, pini mdomoni. Jibu langu nilikuwa nalo tayari kwenye ulimi, kama kila asubuhi kwa miaka tisa: keti mwenyewe, mwanangu, kiti chako hicho.

Akatoa pini mdomoni. "Habari za asubuhi, Bwana Msabaha," akasema, akiwa amekaa, akarudi kwenye karatasi zake.

"Nzuri," nikasema, nikaenda kuvua koti.